Wacheni Kucheka Walimu, Ulizeni Vishikwambi Viko Wapi

Kila wiki kuna video mpya. Mwalimu wa makamo amesimama mbele ya laptopu, projekta inaonyesha ukuta mtupu, darasa linacheka, na mtu kwa dawati la nyuma anarekodi. Jioni iko TikTok na muziki juu yake. Komenti ni zile zile. "Na huyu ndiye atafundisha watoto kompyuta?" "Mrudishieni chaki yake." Kicheko hadi chini.

Wasee, hiyo komedi imechacha. Sisemi hivyo juu walimu ni malaika. Kuna walimu wazembe, vile kuna makanga wazembe na watengeneza kontenti wazembe. Nasema hivyo kwa sababu mnamcheka mtu wa mwisho kwenye laini, na wale wa mbele wanapita wakiwapungia mkono.

Hoja yangu ni hii. Serikali ilinunua vifaa kabla ya kumfundisha mwalimu. Ilipoona hajui kuvitumia, ikamwambia ajifunze mtandaoni, kwa muda wake, kwa data yake, na mara nyingine kwa ada yake mwenyewe. Halafu ikahesabu vyeti na kusema walimu wako tayari. Katika hatua zote hizo, ni walimu wachache sana walioona mtu akiingia darasani kwao, akakaa nao, kisha akarudi wiki iliyofuata kuona kama wameelewa. Mwalimu hahitaji cheti kingine. Anahitaji mtu anayerudi.

Niruhusuni nilete ushahidi, halafu mnitusi vizuri huko chini.

Laptopu yako ilienda wapi?

Kama ulizaliwa 2007 au 2008, hii stori inakuhusu wewe binafsi. Kwenye kampeni za 2013, Uhuru Kenyatta na William Ruto waliahidi kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza kwa shule ya umma atapata laptopu. Watoto wa kwanza walikuwa wapate 2014. Hesabu miaka yako. Hiyo laptopu ilikuwa yako.

Uliipata? Basi.

Tenda ya 2014 iliishia kwa malalamiko na ikafutwa. 2016 mpango ukarudi na jina jipya, Mpango wa Ujuzi wa Kidijitali, chini ya Mamlaka ya ICT. Laptopu ya mtoto ikageuka kishikwambi, ile tableti ngumu ya watoto. Kazi ikapewa makundi mawili, moja likiwa na Chuo Kikuu cha Moi na lingine na JKUAT, kila moja na kampuni ya nje. Walianza na shule 150 za majaribio. Mwishowe zaidi ya vifaa milioni 1 vilisambazwa kwa zaidi ya shule 20,000 za msingi za umma.

Niwape haki yao, hiyo si kazi ndogo. Nchi nyingi hazijawahi kufika hapo. Lakini angalia kilichokuwa ndani ya mzigo. Vishikwambi vya watoto, projekta moja, seva ya kuhifadhi masomo, na laptopu mbili za walimu. Mbili. Shule ilikuwa na darasa la kwanza hadi la nane, na walimu wote wagawane laptopu mbili. Mafunzo ya ana kwa ana yalikuwepo, ila yalikuwa ya siku chache, kwa walimu wachache wa kila shule, kisha hao warudi wafundishe wenzao. Unajua vile hiyo huenda. Wa kwanza anaelewa nusu, wa pili anaelewa nusu ya nusu, na wa tatu anaambiwa tu mahali pa kuwasha.

Na tangu siku ya kwanza, kitu ambacho mwalimu mkuu alisikia kwa nguvu zaidi ni usalama. Vifaa viliibwa katika shule mbalimbali nchini, na kikiibwa, yeye ndiye anaandika ripoti, yeye ndiye anaitwa. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungenunua kufuli. Ungefanya mlango wa chuma. Vishikwambi vingi vikaingia stoo na kukaa huko hadi betri zikafa. Mwalimu mkuu hakulipwa hata shilingi kwa mtoto aliyejua kutumia kishikwambi, lakini angeulizwa kwa kila kimoja kilichopotea. Alifanya hesabu kama mtu mzima.

Halafu ukaja mtaala mpya

Januari 2019 CBC ikaanza nchi nzima kwa watoto wadogo. Mtaala huo una stadi kuu saba ambazo kila mtoto anafaa kuondoka nazo, na ujuzi wa kidijitali ni mojawapo. Maana yake, kitu ambacho kilikuwa zawadi ya kampeni sasa kimekuwa haki ya mtoto kwenye mtaala. Mwalimu anatakiwa akifundishe na akipime.

Mwaka huo huo wa 2019 kulikuwa na sensa. Ilionyesha kwamba kati ya Wakenya wa miaka 3 kwenda juu, asilimia 22.6 tu ndio walitumia intaneti, na asilimia 10.4 tu ndio walitumia kompyuta. Mkenya mmoja kati ya kumi. Walimu wanatoka kwa hao hao Wakenya. Hakuna kiwanda mahali kinachotoa walimu waliozaliwa na kibodi mkononi.

Machi 2020 ikaja korona, na shule zikafungwa nchi nzima. Watoto wa shule za pesa wakahamia Zoom. Watoto wa shule za umma wakaambiwa wasikilize redio, watazame televisheni ya elimu, waingie YouTube. Julai ile wizara ikatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea, na Januari 2021 watoto wakarudi wote. Ule ndio ulikuwa mtihani wa vifaa milioni 1. Vilikuwa vimefungiwa kwa shule, na shule zilikuwa zimefungwa.

Kozi ya kubofya "endelea"

Sasa tufike kwa mafunzo ya mtandaoni. Sheria ya TSC ya 2012 inasema mwalimu lazima aendelee kujifunza akiwa kazini. Sina shida na hiyo. Daktari anasoma, fundi wa simu anasoma, mimi nasoma kila siku programu mpya ya kuhariri video ikitoka. Mwalimu pia asome.

Shida ni vile ilifanywa. Septemba 2021 TSC ilizindua mpango wa kuwaendeleza walimu na kuukabidhi taasisi nne: Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mount Kenya, Riara na taasisi ya KEMI. Ada ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwaka, mwalimu ajilipie. Moduli moja ilipangiwa miaka mitano. Piga hesabu, ilikuwa shilingi 30,000 kwa moduli moja, na angeendelea hivyo karibu maisha yake yote ya kazi. Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, vilipinga, na mtu akisema walipinga kwa sababu ni wavivu mwambie atafute kazi nyingine ambayo mwajiri anakuamuru usome halafu anakutumia bili.

KICD nayo ina jukwaa lake la kufundisha walimu mtandaoni, linaitwa Elimika. Wazo ni zuri. Mwalimu wa Masinga anasoma kitu kile kile anachosoma mwalimu wa Westlands, hakuna nauli, hakuna hoteli, hakuna posho za watu wa kuandaa semina. Kwa karatasi iko sawa kabisa.

Sasa niwaambie vile inakaa nje ya karatasi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda watu wa kwetu, na tangu hapo nafanya video, nyingi ni za harusi na za wasanii wa huku Ukambani. Kazi ya kuhariri naifanyia kwa saiba moja hapa Machakos mjini juu iko na intaneti ya kutegemewa. Jumamosi hiyo saiba inajaa walimu. Wametoka Mwala, wametoka Kathiani, wengine wametoka mbali zaidi. Wamelipa nauli kutoka kwa mfuko wao. Kwanza wanapakua tathmini za watoto kutoka KNEC na kuziprinti, na wiki zingine wanarudi kupakia alama. Kisha wanaingiza mambo ya TPAD, ile fomu ya TSC ya kupima utendaji wao. Halafu mwisho kabisa, wakiwa wamechoka na matatu ya mwisho inakaribia, wanafungua kozi ya mtandaoni.

Nimeona madam mmoja akiweka video ya somo ichezwe kwa kasi mara mbili, sauti imezimwa, huku akisahihisha vitabu vya Kiswahili kwa magoti yake. Kila dakika chache anainua kichwa, anabofya "endelea". Nimesikia mwalimu akimwambia kijana wa kaunta, "Kijana wangu, nimalizie hii, nitakupa kitu kidogo." Kijana amemaliza form four juzi. Akaketi, akajibu maswali ya kuchagua, akakosea matatu, akarudia, akapita. Cheti kikatoka na jina la mwalimu.

Hapo mtasema mwalimu ni mkora. Mimi nauliza, huyo aliyetengeneza kozi ambayo kijana wa kaunta anaweza kuipita kwa robo saa bila kusimama mbele ya darasa hata siku moja alikuwa anapima nini? Alikuwa anapima kama umefika ukurasa wa mwisho. Na walimu wamefika. Wizara inaweza kutoa takwimu nzuri kesho asubuhi, na Jumatatu hiyo projekta bado itaonyesha ukuta mtupu.

Nani alimfundisha shosho M-Pesa?

Wale wa "walimu wazee hawashiki teknolojia", njooni hapa.

M-Pesa ilianza Machi 2007. Wakati huo kuna wazee huku kwetu hawakuwa wamewahi kutuma hata ujumbe mfupi. Leo shosho anatoa pesa, anaangalia salio, anakata simu ya tapeli anayemwambia arudishe pesa iliyotumwa kimakosa. Alifanya kozi gani? Alipata cheti wapi? Alienda kwa wakala pale sokoni, wakala akamwonyesha. Akasahau, akarudi, wakala akamwonyesha tena. Nyumbani mjukuu akamwonyesha mara ya tatu. Na kila mara alikuwa anafanya kitu chenye maana kwake, pesa yake mwenyewe.

Vitu vitatu tu. Mtu wa kukuonyesha, ruhusa ya kurudi na swali lile lile bila kuchekwa, na kazi halisi ya kufanya na hicho unachojifunza. Mwalimu kwenye kozi ya mtandaoni hana hata kimoja. Na kwenye TikTok yenu hana hicho cha pili kabisa.

Hii si nadharia yangu ya mtaani. Kisumu kulifanyika utafiti chini ya mradi wa kusoma wa PRIMR, matokeo yakachapishwa 2016. Waligawa shule kwa makundi. Kundi moja, tableti walipewa maafisa wanaotembelea walimu. La pili, walipewa walimu. La tatu, watoto wenyewe walipewa vifaa vya kusomea. Kisha wakapima nani anasoma vizuri. Makundi yote yaliwashinda watoto wa shule ambazo hazikuwa kwenye mradi, lakini yenyewe kwa yenyewe tofauti haikuwa ya maana. Sasa fikiria bei. Kifaa kimoja kwa afisa anayetembelea shule nyingi, au kifaa kwa kila mtoto. Matokeo yakikaribiana, pesa yako utaweka wapi?

Mradi uliofuata, Tusome, ulianza shule za umma nchi nzima 2015 na ulichukua somo hilo. Tableti zilipewa maafisa wa mtaala. Afisa anaingia darasani, anaangalia mwalimu akifundisha, anawasomesha watoto wachache kuona wako wapi, kisha anakaa na mwalimu: hapa umefanya poa, hapa jaribu hivi. Nauli yake ilirudishwa kulingana na madarasa aliyotembelea kweli, na tableti ndiyo ilikuwa ushahidi kwamba alifika. Hiyo ndiyo teknolojia imetumika na akili. Ilimfuata aliyetakiwa kufika, haikumfuata mwalimu na maswali ya kuchagua.

Na kama hutaki mfano wa nyumbani, angalia Peru. Waligawa mamia ya maelfu ya laptopu za watoto. Watafiti walipoangalia, matokeo yakatoka 2012: hakuna kilichobadilika kwa hesabu wala kwa lugha. Yaani tulipokuwa tunaahidiwa laptopu 2013, jibu lilikuwa limeshaandikwa na lilikuwa linasomeka bure.

Hata nyinyi hamjafundishwa

Kuna kiburi fulani kizazi chetu kiko nacho. Eti sisi tulizaliwa na simu kwa hivyo ujuzi wa kidijitali tunao kwa damu. Acheni.

Julai 2023 vijana walipanga foleni KICC kuanzia asubuhi, wakaangalia ndani ya mpira wa chuma, macho yao yakapigwa picha, wakapewa tokeni za Worldcoin za kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mapema Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Siwalaumu waliopanga foleni, 7,000 ni 7,000 na njaa haina adabu. Lakini jiulize ni wangapi kwenye ile foleni waliojua kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wangapi walijua paswadi ikivuja utaibadilisha, lakini jicho hubadilishi? Hao ni watu wanaojua kuhariri video kwa simu ndani ya dakika kumi.

Halafu Juni 2024, kizazi hicho hicho kikasoma Mswada wa Fedha kipengele kwa kipengele. Watu wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuueleza kwa video fupi, mpaka mama mboga akajua ni kodi gani inamhusu. Huo sasa ndio ujuzi wa kidijitali. Kutafuta waraka wenyewe, kuusoma, kuangalia kama anayekuambia kitu anadanganya, na kumweleza mwingine.

Umbali kati ya ile foleni na ile Juni unafaa kufundishwa shuleni, na mtu wa kuufundisha ni mwalimu huyo mnayemrekodi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa CBC wameingia gredi ya kumi, wamegawanywa kwa njia tatu za masomo, moja ikiwa ya sayansi na teknolojia. Mtoto wa shule ya umma ya Masinga na yule wa akademia ya Nairobi wote wamechagua kwa mfumo ule ule wa mtandaoni. Mmoja ameshika kompyuta tangu akiwa na miaka minne. Mwingine anajua tu kwamba ziko stoo.

Na sisi wa Masaku tunaishi karibu na kejeli kubwa kuliko zote. Konza iko hapo tu, ule mji wa teknolojia ambao Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kinachofundisha mtandaoni, kilizinduliwa hapo hapo Agosti 2023. Kituo kikubwa cha data kiko jirani na sisi, na mwalimu wetu anapanda matatu kuja saiba kupakia alama.

Mtaniuliza suluhisho

"Mtandaoni ni rahisi, nchi haiwezi kutuma mtu kwa kila shule." Inaweza, kwa sababu watu hao wako tayari kwenye malipo. Maafisa wa mtaala wako katika kila eneo la elimu. Wapeni nauli ya kufika madarasani na muda wa kukaa huko, badala ya kuwageuza makarani wa kukusanya fomu. Kozi ya mtandaoni ibaki kama kitabu cha kurejelea baada ya afisa kuondoka. Sijasema izimwe.

"Data ni jukumu la kila mtu." Hapana. Chaki ni jukumu la nani? Data ambayo mwalimu anatumia kupakia alama za KNEC ni kifaa cha kazi kama chaki. Kumbuka tuna walimu wa junia sekondari waliofanya kazi kama wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, hadi wakagoma 2024. Unamwambia mtu kama huyo anunue data akujengee taifa la kidijitali, na huoni aibu.

"Ratiba imejaa." Basi punguzeni kitu. Saa mbili kwa wiki mwalimu akae na mwenzake na kifaa mkononi, mchana, ndani ya shule, akilipwa. Kinachofanywa Jumamosi jioni kwa saiba si mafunzo, ni adhabu.

Na acheni kuhesabu vyeti. Ingia darasani, mwambie mtoto wa gredi ya tano: tafuta kama habari hii ni ya kweli, kisha andika mistari mitano na uihifadhi. Akifanya, mwalimu wake amefundishwa. Akishindwa, usinionyeshe cheti cha mtu.

La mwisho, na hapa mtasema najitafutia kazi. Ndiyo, najitafutia, na wengine pia. Hii kaunti imejaa vijana wanaojua kufufua betri, kuweka programu upya, kuunganisha projekta. Wengine wamemaliza vyuo vya ufundi, wengine waliacha njiani kama mimi. Weka kijana mmoja kwa kila kundi la shule chache, alipwe, awe anarudi kila wiki. Vifaa vilivyokufa avifufue, visivyofufuka aviandike vifutwe kwa daftari ili mwalimu mkuu aache kulala na funguo chini ya mto. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwalimu ameachwa na kidole kimoja tangu 2016.

Sasa kazi yako

Usinipe moyo mwekundu halafu uendelee kuskroli. Rudi kwa shule ya msingi uliyosoma, kama ilikuwa ya umma. Enda na adabu, salimia mwalimu mkuu, msikize kwanza, juu yeye pia amebebeshwa mzigo ambao hakuuomba. Kisha acha barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo na serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Barua iwe na maswali manne tu:

1. Shule ilipokea vishikwambi, laptopu na projekta ngapi, na mwaka gani?
2. Vingapi vinafanya kazi leo, na viko wapi?
3. Ni walimu wangapi waliofundishwa kuvitumia, kwa siku ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini?
4. Ni lini mara ya mwisho afisa yeyote alikaa darasani mtoto akitumia kifaa?

Weka tarehe, weka jina lako, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Nakala nyingine peleka kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Siku 21 zikiisha kimya, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman. Haihitaji wakili.

Majibu mkipata, hayo ndiyo mrekodi na kuweka TikTok. Ficheni majina ya walimu, onyesheni namba. Mimi ya shule yangu naipeleka Jumatatu asubuhi.